KUCHAGUA KOMPYUTA YA KUPAKATA: SOMA KABLA HUJALIPA

Kiongozi wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu, maana leo tutaandika tarakimu.

Nitaanza na barua. Imetoka kwa mama mmoja, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi. Asema hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nilianza kujifunza kusoma mwaka juzi. Binti yangu amepata nafasi chuoni, atasomea uhasibu, na wameambiwa kila mmoja awe na kompyuta. Nimeuza alizeti na mbuzi wawili, nimepata shilingi 600,000. Sina nyingine. Nikiingia dukani mwenye duka atajua mara moja kwamba mimi sijui kitu. Nifanyeje nisidanganywe?"

Marahaba, mama. Ahsante kwa barua. Umesema hujui kitu, lakini barua hii umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Mtu awezaye kusoma 4 na kuitofautisha na 8 anajua mengi ya kumfaa dukani. Kompyuta hubeba sifa zake zimeandikwa mwilini mwake na ndani yake. Kazi yetu leo ni kujifunza mahali pa kusoma.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kompyuta tunayoizungumza ni ile inayofungwa na kufunguliwa kama kitabu. Mitaani huitwa laptopu. Wengine huiita kompyuta mpakato, kwa sababu mtu aweza kuipakata mapajani kama mtoto. Zamani haikupakatika hata kidogo. Mwaka 1981 huko Marekani ilitoka kompyuta ya kuchukulika iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, na ilitegemea umeme wa ukutani. Leo kompyuta nyingi za namna hii zina uzito wa kilo 1 na nusu mpaka 2, nazo hufanya kazi kwa betri.

JE, UNAIHITAJI?

Kabla hujauliza bei, uliza kazi. Mtu hanunui jembe kwa sababu jirani ana jembe. Hununua kwa sababu ana shamba. Basi chukua daftari, uandike kazi tatu utakazozifanya kwa kompyuta hiyo. Zisipofika tatu, andika hizo ulizo nazo.

Kama kazi yako ni kupeleka ujumbe, kusoma habari na kupiga picha, simu uliyo nayo yatosha. Weka fedha zako. Kama kompyuta itakaa mahali pamoja, mezani ofisini, kompyuta ya mezani yafaa pia, na mara nyingi hugharimu kidogo kuliko ya kupakata yenye nguvu sawa. Lakini ina udhaifu mmoja: umeme ukikatika, nayo huzimika papo hapo, na kazi usiyoihifadhi hupotea. Kompyuta ya kupakata ina betri yake, basi huendelea.

Sasa tutazame watu watatu.

Wa kwanza ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Huandika barua, mihutasari ya mikutano, na hesabu za wanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta yake ndiyo daftari. Kazi hiyo ni nyepesi. Hahitaji mashine ya nguvu nyingi.

Wa pili ni mwanafunzi wa chuo, kama binti wa mama yetu. Huandika, hupiga hesabu, husoma vitabu, hutafuta habari katika intaneti. Tena huibeba kila siku, na pengine huitumia mahali pasipo na umeme. Huyu ahitaji mashine nyepesi, imara, yenye betri nzuri.

Wa tatu ni fundi wa kutengeneza picha za video za harusi, au mchoraji wa ramani za nyumba. Kazi yake ni nzito kwa kompyuta. Ahitaji mashine yenye nguvu kuliko wale wawili, na mara nyingi yenye kadi yake ya michoro. Hana budi kulipa zaidi. Akinunua ya katibu, ataketi akiingoja mchana kutwa.

Waona basi kwamba hakuna kompyuta iliyo bora kwa watu wote. Mwenye duka akikwambia, "Hii ndiyo bora," wewe muulize, "Bora kwa kazi gani?"

MAMBO MANNE YA KUSOMA

Kiongozi, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne, moja chini ya jingine: RAM. DISKI. PROSESA. BETRI.

La kwanza, RAM. Hii ni kumbukumbu ya kazi. Ifikirie kama meza ya fundi cherehani. Meza ikiwa pana, fundi hutandaza kitambaa, mkasi, uzi na kipimo, vyote kwa pamoja. Meza ikiwa finyu, kila mara huondoa hiki ili aweke kile, na kazi huchelewa. RAM hupimwa kwa gigabaiti, nayo huandikwa GB. Ukiona 4 GB, jua meza ni finyu kwa kazi za leo. Mashine hiyo itafanya kazi, lakini polepole. Kwa katibu na kwa mwanafunzi, tafuta 8 GB. Kwa fundi wa video, 16 GB au zaidi. Tena uliza: "Je, RAM yaweza kuongezwa baadaye?" Katika mashine nyingine huongezwa kwa urahisi. Katika nyingine imechomelewa moja kwa moja, haiongezeki kabisa.

La pili, diski. Kama RAM ni meza, diski ni kabati. Humo hukaa barua zako, picha zako na programu zako hata mashine ikizimwa. Nayo hupimwa kwa GB, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtu huambiwa, "Ina GB 500," akafurahi akidhani ni RAM, kumbe ni kabati. Ukitajiwa GB, uliza: GB za meza, au GB za kabati?

Diski ziko za namna mbili. Ya zamani huandikwa HDD. Ndani yake mna sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mkono mdogo unaosoma juu yake. Mashine ikianguka au kutikiswa vibaya wakati sahani inazunguka, diski yaweza kuharibika pamoja na kazi zako zote. Namna ya pili huandikwa SSD. Hii haina kitu kinachozunguka, ni ya kasi zaidi, na huvumilia mtikisiko wa basi na wa njia mbaya. Kwa sababu hiyo, SSD ya GB 256 huwafaa watu wengi kuliko HDD ya GB 500, ingawa tarakimu yake ni ndogo. Kama mashine uliyoipenda ina HDD, muulize fundi bei ya kuibadili, uijumlishe katika hesabu yako kabla hujalipa.

La tatu, prosesa. Huyu ndiye mfanyakazi mwenyewe, anayeketi mezani. Na hapa nitawasimulia kisa changu, ili msirudie kosa langu.

Miaka michache iliyopita nilitaka kompyuta ya kuandalia masomo kama haya. Nikaonyeshwa moja ya rangi ya fedha, inang'aa, imebandikwa kibandiko kilichoandikwa i7. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa kompyuta za Intel i3 ni ya chini, i5 ni ya kati, na i7 ni ya juu. Basi nikalipa pale pale. Nilipofika nyumbani betri ilidumu dakika 20. Mashine ilijikokota. Nilipompelekea fundi akasoma jina zima la prosesa, akaniuliza, "Mwalimu, ulisoma tarakimu zinazofuata?" Sikuzisoma. Mimi, mwalimu, nilisoma neno moja nikafunga kitabu. Prosesa ile ilikuwa ya mwaka 2012.

Basi tusome jina zima. Mfano: i5-8250U. Tazama tarakimu zilizo baada ya kistari. Zinaanza na 8. Maana yake ni kizazi cha 8, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Mfano wa pili: i5-1135G7. Hapa tarakimu inaanza na 1, basi soma mbili za kwanza: 11. Hiki ni kizazi cha 11. Mashine yangu ilikuwa i7-3520M. Inaanza na 3: kizazi cha 3. Ndani yake mna viini viwili vya kufanya kazi, ilhali i3-1215U ya mwaka 2022 ina viini sita. Waona? Jina la chini lilimshinda mwenye jina la juu, kwa kuwa mmoja alikuwa amezeeka. Tangu mwisho wa mwaka 2023 Intel imeanza kutumia majina mengine, kama vile Core Ultra. Na ziko prosesa za kampuni ya AMD, ziitwazo Ryzen. Ukikutana na hizo, uliza swali moja tu: "Prosesa hii ni ya mwaka gani?"

Kwa nini mwaka ni jambo kubwa? Kompyuta nyingi huendeshwa kwa programu iitwayo Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Programu isiyopata msaada haizibwi tena matundu yake, na wezi wa mitandao huingia kwa matundu hayo. Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hutaka kizazi cha 8 au zaidi. Kwa hiyo, mama, andika katika daftari lako: KIZAZI CHA 8 AU ZAIDI. Mtu mwenye mashine ya zamani aweza kuwekewa Linux, ambayo hailipiwi, lakini kwanza auliza chuo au ofisi kama programu zao zitafanya kazi humo.

La nne, betri. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, na huandikwa Wh. Hesabu yake ni ya kugawanya, nanyi mmekwisha kujifunza kugawanya. Tuseme betri ni ya 45 Wh, na mashine hutumia wati 9. Gawanya 45 kwa 9. Jibu ni saa 5. Lakini betri huchakaa kwa kuchajiwa na kutumiwa, hata ikitunzwa vizuri. Ikiwa imebakiwa na asilimia 60 ya nguvu zake, zile saa 5 huwa saa 3. Kwa mashine iliyotumika usiulize betri ilidumu saa ngapi ilipokuwa mpya. Ipime.

Kuipima ni hivi. Mashine ikiwa imejaa asilimia 100, chomoa waya wa umeme, uitumie kwa dakika 30, kisha usome. Ikiwa imeshuka mpaka 80, imetumia 20 kwa nusu saa. Basi 100 zitakwisha kwa saa 2 na nusu. Ikiwa imeshuka mpaka 40, huna betri hapo. Una kompyuta ya mezani iliyovaa nguo za safari. Tena uliza kama betri mpya ya mashine hiyo hupatikana mjini.

MPYA AU ILIYOTUMIKA?

Mashine mpya huja na waranti, na betri yake haijachoka. Lakini kwa fedha chache, mpya ya bei ndogo kabisa huwa na RAM ndogo na kabati dogo. Mashine iliyotumika, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, yaweza kuwa imara zaidi kwa bei ile ile. Haya ni mambo ya kupima, si ya kuona haya. Bei sitazitaja, maana hubadilika kila wakati na kila mji. Ila nasema hivi: usitumie shilingi zote 600,000 kwa mashine. Bakiza kidogo kwa mkoba wa kuibebea, na kwa flashi au diski ya nje ya kuwekea nakala ya kazi. Mashine yaweza kuibwa. Nakala iliyo mahali pengine hubaki.

Wenye maduka wengi ni watu waaminifu. Lakini yuko yule atakayekufuata njiani na mashine mkobani, akikuhimiza kwamba bei hii ni ya leo tu. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwambie ahsante, uende zako.

SIKU YA KWENDA DUKANI

Nenda mchana, usiende peke yako, na usiwe na haraka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Zima mashine, kisha uiwashe tena wewe mwenyewe. Ikidai neno la siri la mwenyewe wa zamani, au ikionyesha jina la kampuni au shule fulani, usinunue. Huenda imeibwa, au huenda itafungwa kwa mbali siku yoyote nawe umeshalipa.

2. Katika mashine yenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu: Ctrl, Shift na Esc. Fungua ukurasa ulioandikwa Performance. Hapo utasoma CPU, yaani prosesa. Memory, yaani RAM. Na Disk, yaani diski, na mara nyingi imeandikwa pia kama ni SSD au HDD. Linganisha na maneno ya mwenye duka. Kibandiko cha nje chaweza kubandikwa na mtu yeyote.

3. Fungua ukurasa mweupe wa kuandikia. Andika jina lako lote na jina la binti yako, kisha bonyeza kila herufi na kila tarakimu. Kila moja itoke mara moja, isirudie wala isikatae. Ukurasa ukiwa bado mweupe, tazama kioo kama kina madoa, mistari au pembe nyeusi.

4. Funga na kufungua kioo mara tano. Bawaba zisilie wala zisilegee. Bawaba iliyovunjika huenda ikapasua kioo pamoja nayo.

5. Ingiza flashi katika kila tundu. Unganisha intaneti kwa simu yako. Sikiliza sauti. Jaribu kamera.

6. Soma chaja. Palipoandikwa INPUT pawe na 100-240V, maana umeme wa nyumba zetu Tanzania ni wa volti 230. Chaja iliyoandikwa 110V au 120V peke yake itaungua. Palipoandikwa OUTPUT, volti ziwe sawa na zile zilizoandikwa chini ya mashine.

7. Fanya ile hesabu ya betri. Dakika 30 si nyingi. Ukiambiwa hakuna nafasi ya kungoja, basi na fedha zako hazina nafasi ya kutoka.

8. Dai risiti. Iwe na tarehe, bei, jina la duka, sifa za mashine, namba ya mashine yenyewe, na muda wa waranti. Isome yote kabla hujatoa fedha. Linganisha namba ya kwenye risiti na ile iliyo chini ya mashine, tarakimu kwa tarakimu.

NENO LA MWISHO KWA MAMA YETU

Mama, zile kazi tatu za binti yako mimi nimeziandika hapa: kuandika, kupiga hesabu, kutafuta habari. Mashine yenye RAM ya 8 GB, SSD ya 256 GB, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, kioo cha inchi 13 au 14, na betri iliyopimwa ikapita saa 3, itamfikisha mbali. Inchi za kioo hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe inayokabili, kwa mshazari. Kioo cha inchi 14 ni kama sentimita 35 na nusu. Usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya rangi.

Na jambo moja zaidi. Mchukue binti yako mwende pamoja, lakini daftari lishike wewe. Yeye abonyeze vitufe; wewe soma kwa sauti, na uweke alama kwa kalamu kila jambo linapotimia. Mwenye duka akiona mama ameshika kalamu na anasoma namba ya mashine tarakimu kwa tarakimu, atajua anashughulika na nani. Fedha hizi ni za jasho lako. Una haki ya kusoma kila kitu unachokilipia.

Kwa leo tukomee hapo. Kwaherini, wanafunzi wapenzi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Tofauti ya RAM na diski ni nini? Eleza kwa mfano wa meza na kabati, au kwa mfano wako mwenyewe.

2. Kompyuta mbili: ya kwanza ina i7-3520M, ya pili ina i3-1215U. Ipi ni ya kizazi cha karibuni? Umejuaje?

3. Betri ilikuwa asilimia 100. Baada ya dakika 30 imesoma 75. Itadumu kwa saa ngapi yote pamoja?

4. Betri ya 60 Wh ikitumiwa na mashine ya wati 12, itadumu saa ngapi ikiwa mpya?

5. Kwa nini mwalimu alinunua vibaya, ingawa alijua kusoma?

KAZI YA NYUMBANI

Tafuta chaja yoyote iliyo nyumbani kwako au kwa jirani, hata ya simu. Nakili katika daftari maneno na tarakimu zote zilizoandikwa juu yake. Lete daftari darasani, mpate kusomeana.